Bodaboda akivunjika mguu, mwenye pikipiki alipe?

Mzawa wa Kiboriloni: Wakuu, tujadili hili bila matusi. Mdogo wangu ni bodaboda, aligongwa na gari aina ya Noah barabara ya Himo. Mguu ukafungwa chuma, ukaingia usaha, mwisho ukakatwa chini ya goti. Pikipiki ni ya mkataba. Siku ya tatu yuko wodini, tajiri mwenye pikipiki anapiga simu kuulizia hesabu, yaani pesa anayotakiwa kumpelekea. Nasema mwenye chombo alazimishwe kumkatia dereva bima ya ajali.

Sakina Kwanza: Pole sana. Kwani bima ndogo si inalipa?

Afande Mstaafu: Bima ndogo ya pikipiki inamlipa mwingine: abiria, mpita njia, mwenye gari uliloligonga. Dereva mwenyewe haimgusi. Ila tuseme ukweli, vijana mnapakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo, na abiria, hasa kina dada, hawavai helmeti kisa nywele.

Mama Careen: Shikamoo afande, lakini hapo umenikosea. Helmeti imevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, inanuka, mkanda umekatika. Isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Nivae ya nini?

Boda wa Kijenge: Mama, mimi ninayo safi ya abiria. Ukimpa anaipakata.

Sakina Kwanza: Mama kasema kweli. Ile ya abiria ni ya kumwonyesha trafiki tu.

Afande Mstaafu: Marahaba. Sijamtukana mtu. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti nzuri inapunguza majeraha mabaya ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Nimeokota watu kwenye lami pale Tengeru, najua nilichokiona.

Mama Careen: Basi kawaambie madereva wanunue nzima. Kina dada utuache.

Mzawa wa Kiboriloni: Jamani, mdogo wangu ALIVAA helmeti. Kichwa kizima, mguu haupo. Kwenye pikipiki mguu wako ndiyo bampa. Mnabishania nywele!

Boda wa Kijenge: Kaka, ukimlazimisha tajiri akate bima, atapandisha hesabu, tutalipa sisi sisi. Kijiweni kwetu tunachanga elfu moja kwa wiki. Mwenzetu alivunjika paja, ule mfuko ulimlisha miezi minne.

Mzawa wa Kiboriloni: Miezi minne, halafu? Huyu ana miaka 24, mguu hauoti.

Fundi Viungo: Mzawa, kigutu kimekauka? Kama kimekauka, afungwe bandeji ya kubana kila siku. Asiwekewe mto chini ya goti, litakakamaa likiwa limekunjwa na mguu wa bandia utamshinda. Goti lake ni mali, mlitunze. Chuo cha TATCOT hapo hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko wanakofundishwa watengeneza viungo vya bandia, mkaulizie.

Afande Mstaafu: Na mishikaki je? Hakuna aliyenijibu.

Mama Careen: Mzawa, unisamehe, hasira zilinipeleka mbali. Kijana anashindaje sasa?

Mzawa wa Kiboriloni: Yuko nyumbani kwa mama. Bandeji nitaanza leo. Tajiri bado anamdai hesabu za zile siku alizolazwa.