Pointi za ndege: wamenijibu "daraja lako halistahili"

Kutoka: Dada wa Uyole (Coventry), Jumapili saa 3:40 usiku

Habarini za Jumapili wana Nyanda za Juu. Wakubwa shikamooni.

Naomba msaada, tena wa haraka. Mwezi wa saba nilikwenda Mbeya na mwanangu kwenye msiba wa bibi. Tiketi nilikata mwenyewe usiku kwa simu, kwenye moja ya ile mitandao inayolinganisha nauli. Namba yangu ya uanachama wa programu ya pointi niliijaza, nina uhakika. Nimerudi, nimesubiri wiki nane, akaunti inasoma sifuri. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha PNR (ule msimbo wa kukatia nafasi), e-tiketi na bodingi pasi zote nne. Leo wamejibu sentensi moja: daraja ulilosafiria halistahili kupata maili, yaani hizo pointi.

Daraja gani tena? Nililipa pauni 870, nikakaa kiti cha 34 karibu na choo. Sikubebwa kwenye mizigo.

Nimeitazama e-tiketi, kwenda pameandikwa L, kurudi T. Sasa nataka kukata ya Desemba na bei ninayoiona wanasema mwisho Ijumaa. Ninunue ya herufi gani ili pointi ziingie? Na zile za Julai ndiyo zimeshakufa?

Kutoka: Mnyalu wa Leeds, Jumapili saa 4:15 usiku

Kamwene dada, pole sana kwa msiba.

Kosa ni kupitia watu wa kati. Ukikata kwa ajenti pointi huzipati, ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Hizo herufi zisikutishe: Y ni ekonomi, J ni biashara, F ni daraja la kwanza, imeisha hiyo. Nyingine ni mambo yao ya ndani. Mimi miaka 11 nakwenda Iringa na kurudi, sijawahi kuangalia herufi.

Kutoka: Kaka Tukuyu (Minneapolis), Jumatatu saa 11:05 alfajiri

Mnyalu, nakuheshimu lakini hapa unampoteza dada wa watu. Nilikuwa nawakatia watu tiketi kwenye duka la ajenti miaka minne kabla sijaingia kwenye malori, kwa hiyo hili naliongea kwa kulishika.

Ndani ya ekonomi, viti vilevile na kuku yuleyule, shirika linauza nauli zaidi ya kumi. Kila nauli ina herufi yake. Y ni bei kamili, unabadilisha tarehe utakavyo, na karibu hakuna Mbongo anayeinunua. Chini yake zinashuka B, M, H na wenzake mpaka zile za ofa, na mpangilio wa huko chini kila shirika lina wake. Q ya huyu si Q ya yule. Programu ya pointi ina jedwali: herufi hii asilimia 100 ya maili za safari, hii 50, hii 25, hii bure kabisa. Safari ya maili 4,000 kwa herufi ya asilimia 25 inakupa 1,000. Aliyekaa kiti cha pembeni yako kwa herufi ya asilimia 100 anaondoka na 4,000 zote, na mmeshuka mlango mmoja.

Kwa hiyo "daraja" wanalokuambia si kiti, ni herufi. Na ajenti hana kosa. Ajenti anaweza kukuuzia herufi inayolipa, na tovuti ya shirika ikakuuzia isiyolipa. Zile tiketi za kundi la abiria tu ndizo mara nyingi hazina kitu.

Jambo la pili. Tazama tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi: 071 ni Ethiopian, 157 Qatar, 176 Emirates, 235 Turkish, 706 Kenya Airways, 074 KLM. Hapo unamjua aliyetoa tiketi. Kisha soma mstari mdogo unaosema ndege inarushwa na nani. Namba ya safari inaweza kuwa ya huyu na ndege ikawa ya mwenzake, na hapo ndipo jedwali linapobadilika.

Kutoka: Mnyalu wa Leeds, Jumatatu saa 1:30 asubuhi

Sawa profesa. Lakini si mashirika yote yako kundi moja siku hizi? Emirates, Qatar, Ethiopian, namba moja inatosha.

Kutoka: Kaka Tukuyu (Minneapolis), Jumatatu saa 1:52 asubuhi

Hapana. Ethiopian wako Star Alliance tangu 2011, na Turkish wako humo. Qatar wako oneworld tangu 2013. Kenya Airways na KLM wako SkyTeam. Emirates hawamo kwenye kundi lolote kati ya hayo matatu, wanakwenda peke yao na washirika wa kuchagua. Namba ya Emirates ukiijaza kwenye tiketi ya Ethiopian ni sawa na kupeleka kadi ya kliniki ya mtoto benki.

Kutoka: Mama Makambako (Reading), Jumatatu saa 3:10 asubuhi

Wanangu hamjambo. Asante Kaka Tukuyu, leo nimeelewa kitu kilichonila fedha mwaka juzi.

Tulikuwa watano. Nikaweka watu watano kwenye mtandao, ikaja pauni 940 kila mmoja. Binti yangu wa mwisho akaichukua simu, akaweka mtu mmoja: pauni 815. Nikamwambia umekosea tarehe. Tukaangalia tena, tarehe ileile, ndege ileile. Akaweka watatu, 815. Akaweka wanne, ikaruka 940. Kumbe viti vya ile herufi ya chini vilibaki vitatu tu, na ukiomba wanne kwa pamoja mashine inawapandisha wote wanne kwenye herufi ya juu. Tukakata watatu kwanza, wawili baadaye. Tuliokoa pauni 375 tukiwa tumekaa jikoni na chai. Cha kujihadhari ni kwamba mnakuwa na PNR mbili, safari ikiahirishwa wanaweza kuwatawanya. Tuliwapigia simu waziunganishe kwenye maelezo.

Lakini baba watoto ndiye kichekesho. Kakusanya pointi miaka mitano kwa ajili ya tiketi ya bure. Siku ya kuichukua anaambiwa alipe pauni 310 za kodi na tozo. Hiyo bure ya wapi? Alinuna mpaka Pasaka.

Kutoka: Mchele wa Kyela (Hamburg), Jumatatu saa 2:20 usiku

Ugonile mama. Ongezeni na hili: si programu zote zinazohesabu umbali wa safari. Flying Blue ya Air France na KLM tangu Aprili 2018 wanahesabu euro. Mwanachama wa kawaida anapata pointi 4 kwa kila euro ya nauli, kodi za serikali hazihesabiwi. Nauli ikiwa euro 600 ukitoa kodi, unapata 2,400, uende mbali usiende. Humo herufi haina kelele nyingi, kelele ni bei. Kwa hiyo Kaka Tukuyu usiseme "programu ina jedwali" kana kwamba zote ni moja.

Kutoka: Kaka Tukuyu (Minneapolis), Jumatatu saa 4:00 usiku

Hiyo ni kwa ndege zao wenyewe. Ukipanda mshirika kwa tiketi ya mshirika wanarudi kwenye umbali na herufi. Soma mpaka chini kabla ya kunisahihisha, ndugu yangu.

Kutoka: Mchele wa Kyela (Hamburg), Jumatatu saa 4:06 usiku

Nimesoma kabla yako.

Kutoka: Mafinga Mstaafu (Cardiff), Jumanne saa 12:45 asubuhi

Nyinyi mnagombania maili za Ulaya mpaka Dar. Mimi shida yangu inaanzia Dar. Tumeshuka Terminali 3 saa nane usiku, tiketi ya uwanja wa Songwe, Mbeya, nimeikata peke yake, ya saa moja asubuhi. Tukaruka vizuri. Tunafika juu ya Songwe, ukungu umelala kama blanketi la hospitali. Rubani akazunguka mara moja, mara mbili, mlima Mbeya unauona kilele tu kimechomoza. Tukarudishwa Dar! Kwa sababu tiketi zilikuwa mbili tofauti, wale wa kimataifa wakasema haituhusu. Nikaenda Mbezi kupanda basi.

Na niwaambie ukweli, sikujuta. Tulifika Ruaha Mbuyuni vitunguu vimening'inizwa barabarani, tukaupanda Kitonga taratibu nyuma ya lori la mafuta, dirisha wazi. Ilula nikanunua nyanya ndoo nzima kama mwendawazimu, sina pa kuzipikia. Baridi ya Mafinga iliponipiga usoni nikajua nimefika. Hizo pointi hazina jedwali.

Kutoka: Mama Makambako (Reading), Jumanne saa 1:20 asubuhi

Usinilize asubuhi yote hii, nina zamu.

Kutoka: Mzee wa Kiwira (Cardiff), Jumanne saa 5:30 asubuhi

Mnahangaika na herufi L na T, wenzenu tunahangaika na pasi. Baba yangu amezikwa Kiwira, shamba la ndizi alilolima mpaka leo tunagawana. Mimi nikishuka pale Dar nalipa dola 50 za viza na nagongewa siku 90. Siku tisini nyumbani kwa baba yangu! Uraia pacha tumeuongelea tangu wengine humu wana nywele. Sheria ya uraia ya mwaka 1995 bado imekaa palepale, na kila waziri anayekuja huku anatuambia tutume fedha nyumbani.

Kutoka: Kaka Tukuyu (Minneapolis), Jumanne saa 9:15 alasiri

Shikamoo mzee. Hamsini ni afadhali, sisi wenye pasi ya Marekani ni dola 100.

Kutoka: Mnyalu wa Leeds, Jumanne saa 11:40 jioni

Mimi nimebaki na pasi yangu ya Tanzania kwa sababu hiyohiyo, nina ILR tu, kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo. Lakini mwaka huu nusura nilale uwanjani wakati wa kurudi. Mhudumu wa kaunta ananing'ang'ania nimwonyeshe BRP, ile kadi ya ukaazi. Namwambia BRP zimekufa tarehe 31 Desemba 2024, sasa ni eVisa ya kwenye mtandao, ingia UKVI (idara ya viza ya Uingereza) nikupe msimbo wa kushirikisha. Yeye anataka kadi. Mtandao wa uwanja haushiki. Nilikuja kupanda dakika ya mwisho nikiwa nimelowa jasho. Wekeni picha ya ukurasa wa eVisa kwenye simu, na muiunganishe na pasi mpya mkibadilisha pasi.

Kutoka: Msimamizi, Jumanne saa 2:00 usiku

Jamani. Uraia pacha una mjadala wake, una jumbe 212. eVisa ina wake. Hapa ni pointi za dada.

Kutoka: Dada wa Uyole (Coventry), Jumatano saa 4:30 usiku

Nawashukuru wote, ndaga fijo. Nimetoka zamu tatu mfululizo, nimesoma zote kwenye basi.

Ila bado sijajua. Kwenye mtandao herufi siioni, naona "Saver", "Basic", "Classic" na kikapu cha rangi. Na za Julai je?

Kutoka: Kaka Tukuyu (Minneapolis), Alhamisi saa 10:50 alfajiri

Hayo majina ni ya kupamba. Bonyeza maelezo ya nauli au masharti kabla ya kulipa. Utakuta msimbo mrefu wa herufi na namba, kama TLX3GB hivi (huo nimeubuni). Herufi yake ya kwanza mara nyingi ndiyo unayoitafuta. Ukikosa, fika ukurasa wa mwisho wa malipo usilipe, ipo hapo chini kwa maandishi ya siafu. Kisha ifananishe na jedwali la programu yako kwa shirika linalorusha.

Za Julai: kama L inalipa na T hailipi, wadai ya kwenda peke yake. Usiwaachie wakujibu safari nzima kwa neno moja. Programu nyingi zinatoa miezi sita tangu kuruka, kwa hiyo fanya wiki hii. Na hakikisha jina la kwenye akaunti ni lile la kwenye pasi. Kama akaunti uliifungua kwa jina la kwenu na pasi ina la ndoa, hata L haitaingia. Mtoto kama alikuwa na kiti chake ana pointi zake, haziingii kwako hivihivi.

Sasa wewe hujatuambia: programu yako ni ipi?

Kutoka: Dada wa Uyole (Coventry), Alhamisi saa 7:10 mchana

Ile yenye kadi ya kijani. Alinifungulia shemeji, 2019.

Kutoka: Mchele wa Kyela (Hamburg), Alhamisi saa 7:25 mchana

Kijani ziko nyingi.

Kutoka: Mnyalu wa Leeds, Alhamisi saa 8:00 mchana

Kwa hiyo nimeangalia zangu. Miaka 11, nina pointi 1,340. Msinicheke.

Kutoka: Mama Makambako (Reading), Alhamisi saa 3:30 usiku

Tumekucheka tayari, mwanangu. Nani anashuka Mbeya Desemba mwenye nafasi ya kilo tatu akirudi? Dada yangu ameniwekea mchele wa Kyela, wa kunukia ule, na maharage ya Njombe. Usafiri wa kutoka Mwanjelwa mpaka Songwe nitalipa mimi.

Kutoka: Dada wa Uyole (Coventry), Ijumaa saa 5:50 usiku

Mama nitakubebea, nikipata tiketi. Shemeji hapokei simu. Nimefungua sasa hivi kulipa, bei imepanda pauni 96 na kwenye maelezo herufi siyo ile ya jana, imekuwa Q.

Q inahesabika?

Kutoka: Kaka Tukuyu (Minneapolis), Ijumaa saa 5:58 usiku

Q ya nani, dada?