Tupeane uzoefu: unalea peke yako, hela inakuja kwa giza la mwezi, mlezi anadai kila Jumamosi

Mama Kabula
Wadau, habari za usiku. Mwezi uko juu hapa Igombe, Mwanza, mweupe mpaka unaona kuku juu ya mti, ndiyo maana niko macho na simu. Kwa asiyejua kazi zetu: mwezi ukiwa mkali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala. Wiki nzima, mara nyingine siku kumi, hakuna kitu. Giza likirudi ndiyo tunaamka saa kumi alfajiri kugombania ndoo za dagaa wabichi, tunaanika, jioni tunakusanya, wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanakuja kubeba.

Nina binti wa miaka miwili na nusu. Baba yake aliaga anaenda visiwa vya ziwani kutafuta. Nadhani amepata, maana hajarudi.

Sasa saa kumi alfajiri hakuna kituo cha watoto kilicho wazi. Cha karibu kinafungua saa moja na kinataka hela ya mwezi mzima mkononi. Kwa hiyo namwacha kwa bibi jirani, si ndugu yangu, 1,500 kwa siku, uji juu yangu. Wiki za mbalamwezi pia namwacha, naenda kufua nguo za watu Pasiansi nikiitwa. Bibi hana daftari. Anachora vistari vya chaki nyuma ya mlango, kila siku kimoja, Jumamosi nikilipa anafuta kwa kiganja. Leo asubuhi nimempelekea mtoto, mlango ukajirudi, nikaviona: kumi na kimoja. 16,500. Hakusema neno. Kampokea mtoto, kaniuliza kama nimekunywa chai. Bora angenitukana.

Naomba tupeane uzoefu. "Mungu atafanya njia" ninayo tayari. Nataka kujua nani anakaa na mwanao, unamlipaje, na wiki kavu unaivukaje.

Pikipiki ya Buzuruga
Pole sana dada. Na sisi wanaume tupo, msitusahau. Mama wa watoto wangu aliondoka mwaka wa tatu huu, aliniachia wawili. Wa kwanza darasa la pili, namshusha shule kwa pikipiki kabla sijaanza kutafuta abiria. Mdogo anashinda Nyakato kwa dada yangu.

Dada hataki kusikia habari ya malipo, ndugu hatudaiani. Lakini nilijifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza nilichukulia kweli ni bure, nikaona salamu zinakuwa fupi, mtoto anarudi hajaogeshwa. Sasa nina utaratibu ambao hatujawahi kuuongea: gesi yake ikiisha ni yangu, sabuni ya unga ni yangu, na nikipita sokoni Igoma sirudi mikono mitupu. Salamu zimerudi kuwa ndefu.

Kinachonichosha ni kliniki. Kila nikimpeleka mtoto naulizwa mama yuko wapi, mbele ya benchi zima. Siku hizi nasema yuko kazini, yaishe.

Nshomile wa Kitangiri
Nafuatilia uzi.

Mama Lishe Usagara
Mimi mjane, watoto watatu. Nilikuwa Kigongo nauza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya kivuko. Mnaokumbuka ile foleni mnajua, mtu anakaa na gari masaa, njaa lazima imuume. Nyumbani ni pale nyuma tu, watoto wanatoka shule wanakuja kukaa chini ya meza yangu. Ile meza ndiyo ilikuwa kituo changu cha malezi, na sikujua thamani yake.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Silaumu, ni zuri, kilomita tatu juu ya maji unavuka kwa dakika chache, na mgonjwa wa Sengerema anafika hospitali ya Bugando bila kusubiri kivuko. Ila wateja wangu nao wanavuka kwa dakika chache. Magari yanapita hayashushi hata kioo.

Nimehamia njia panda ya Usagara. Wateja wapo, lakini ni mbali na nyumbani, na sasa binti yangu wa miaka kumi na miwili ndiye mama wa wenzake kuanzia saa nane mchana hadi nifike. Juzi nimemkuta amelala na mwiko mkononi, ugali umeungua. Hapo kwenye kulipa mlezi sina ushauri wa kukupa mayu, nimekuja kusikiliza tu.

Mama Kabula
@Mama Lishe, hilo la mwiko limenikaa.

Rejesho la Jumatano
Nichangie kwa upande wa usifanye kama mimi. Nasuka nywele Makoroboi. Mwaka juzi mlezi wa mwanangu aligoma kabisa, ana haki, nikachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, laki moja ili nimlipe na nibaki na mtaji wa rasta. Rejesho kila wiki. Wiki ya kwanza nimelipa, ya pili nimekopa kwenye simu kulipa, ya tatu nimekopa kwa shoga yangu kulipa ya simu. Ya tano wakaja, wamama watatu na kijana mmoja, wakabeba jiko la gesi na godoro. Mtoto akawauliza "mnalipeleka wapi godoro letu?" Walikuwa wastaarabu, walimjibu linaenda kufuliwa.

Sasa niko kwenye kikundi tunasubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni za wanawake, haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Makaratasi ni mengi na kusubiri ni kwingi. Kwa hiyo si dawa ya deni la Jumamosi hii, usijidanganye. Kwa Jumamosi hii ni mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Tuko kumi, elfu mbili kila siku, na kijumbe wetu, anayekusanya hela, mkali kuliko polisi. Niliomba zamu yangu iangukie Januari kwa ajili ya sare na madaftari.

Mwl. Nyamagana
Nyongeza ya kiualimu. Tunasema elimu bila ada tangu 2016, ni kweli ada hakuna. Lakini darasa la awali shule za serikali linapokea mtoto wa miaka mitano, na wale wadogo mchana haujafika wameshatoka. Likizo ya uzazi ya aliyeajiriwa ni siku 84. Kati ya siku 84 na miaka mitano, mtoto anakaa wapi? Humo ndimo wazazi wengi ninaowaona wanazama, hata wenye mshahara. Mimi mwenyewe nalea peke yangu na nina mshahara, na tarehe 18 nakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyonitumia mama kutoka Kwimba.

Kata Yangu
Mbona hamjagusa baba wa watoto? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai matunzo, mwe mlioana au hamkuoana. Unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii, anaandikiwa wito, mnaandikishana. Akikaidi inakwenda mahakamani. Mnajua kabla ya hapo sheria ya zamani kwa mtoto wa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi? Si laki, mia!

Wangu alikubali mbele ya afisa, akatuma miezi mitatu, akazima. Nikarudi na meseji zote za miamala nilizokuwa nimezitunza, akaitwa tena, sasa anatuma nusunusu. Nusu ni bora kuliko sifuri. Msifute meseji.

Mama Kabula
Wangu hata namba haipatikani, nimwandikie wito wa kwenye mtumbwi gani?

Kata Yangu
Viongozi wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, alikoshukia wanajua nani analala kambi gani. Anzia hapo. Sisemi ni rahisi.

Mchuuzi Mwaloni
Mama Kabula, nikusaidie kwa ninachokijua. Kosa lenu wa Igombe mnatuuzia wote siku ileile ya giza, bei iko chini maana kila mtu anao. Mwezi ukiwa mkali dagaa wanaadimika, bei inapanda, nyie hamna kitu. Kila giza bana sado mbili tatu, yaani vile vindoo vya kupimia, wakaushe vizuri kabisa juu ya kichanja, si mchangani, funga kwenye mfuko, weka juu pasipo na unyevu. Uuze wiki ya mbalamwezi. Mvua ikiwapiga kabla hawajakauka usiweke, uza hao kwa wenye kuku. Najua nikisema hivi najikaanga mwenyewe.

Pikipiki ya Buzuruga
Mchuuzi leo kaamua kutubu.

Mama Kabula
Nimerudi, siku kumi na mbili baadaye. Giza lilianza Jumanne. Siku ya kwanza sikubana kitu, sikuweza, nilikuwa nadaiwa hadi chumvi. Siku ya tatu nimebana sado moja, iko juu ya kabati, mtoto ameshaifungua mara mbili.

Bibi nilimpelekea elfu kumi na kibakuli cha dagaa wa kukaanga. Nikamwambia ukweli: giza nitakulipa kila siku, mwezi mkali nitakulipa nikipata, na dagaa wa mboga hutanunua. Akasema mbona hukusema tangu zamani, mimi nimezaliwa kisiwani Ukerewe, unadhani sijui mwezi? Akasimama, akafuta vistari kwa kiganja. Viwili nikaona ameviacha, na kwa hesabu yangu vilitakiwa kubaki zaidi ya hivyo. Sijamuuliza na yeye hajasema.

Nshomile wa Kitangiri
Hiyo sado unauza bei gani?

Mama Kabula
Njoo Igombe kabla ya saa mbili asubuhi. Bei sisemi humu, Mchuuzi anasoma.