Mrejesho: Ramani ya jinjeroli kwenye tangawizi imetoka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini picha za spektrometria ya masi (kutambua kemikali kwa uzito wa ioni zake, na kuonyesha zilipo) za kipande changu cha tangawizi zilitoka kama ukungu, jinjeroli, ile kemikali ya ukali wa tangawizi, imetapakaa kila mahali. Mliniambia niachane na OCT (gundi ya maabara ya kushikilia sampuli) ya kugandishia kwa kuwa polima zake hufunika ishara, na nisiloweshe sampuli ninapopuliza matriksi, yaani kemikali inayosaidia leza kung'oa molekuli na kuzifanya ioni.

Nimegandisha kwa jelatini, nikakata unene wa mikromita 20 kwenye nyuzi -20, nikakausha vizuri. Matriksi ya aina ya DHB nimeipuliza kidogo kidogo, kila tabaka likauke kwanza. Hapo ndipo penye siri yote: sampuli ikilowa, kemikali zinahama kutoka zilipokuwa.

Safari hii nimepata vitone vitone, na nilipolinganisha na picha ya hadubini, vimeangukia kwenye seli za mafuta! Nilikuwa naitafuta ioni ya jinjeroli yenye sodiamu, uzito (m/z) 317.2, kumbe iliyong'aa zaidi ni yenye potasiamu, 333.1. Tishu za mimea zina potasiamu nyingi, kwa hiyo anzeni na hiyo.

Ahsanteni sana, hasa mkuu aliyenitajia jelatini. Kesho naanza na manjano.