Kwa nini madaktari wanakwepa tiba mtandao?

Swali: Wakuu, hospitali ya wilaya imewekewa mitambo ya tiba mtandao, yaani ya kumtumia bingwa aliye mbali picha na maelezo ya mgonjwa, ila madaktari hawaigusi. Ni uvivu?

Jibu 1: Uvivu wapi! Daktari anaandika faili la karatasi, kisha arudie yaleyale kwenye kompyuta. Bingwa wa upande wa pili ana foleni yake kliniki, na muda wa skrini haumo kwenye ratiba ya zamu wala haulipwi.

Jibu 2: Ongeza picha. Eksirei ya kifua ya kidijitali huweza kufika megabaiti 10 na zaidi. Mtandao ukisuasua, wanaipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp. Inabanwa, na ufa mwembamba wa mbavu au hewa kidogo kando ya pafu haionekani tena. Bingwa akikosea, jina kwenye ripoti ni lake. Tumbo nalo halibonyezwi kwa kamera.

Jibu 3: Na picha hiyo ikibaki kwenye simu binafsi, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anzeni na radiolojia (usomaji wa picha kama eksirei) peke yake: faili halisi, si picha ya skrini, na saa 2 za bingwa ziandikwe kwenye ratiba.

Muuliza swali: Na umeme ukikatika?

Jibu 3: Faili lisubiri kwenye foleni, lijitume lenyewe ukirudi. Simu ya video ndiyo hufa.