Punda wangu hakanyagi mguu wa mbele, nimpige viatu vya chuma ama?

mwenye_mkokoteni, Naivasha
Habari za jioni wakuu, naomba msaada tafadhali. Niko na punda jike wa miaka kama nane, anavuta mkokoteni wa maji, mitungi ishirini ya lita ishirini kila safari, na ndiye analipa karo ya watoto wangu. Jana asubuhi nimefungua boma nikamkuta amesimama kwa miguu mitatu, ule wa mbele wa kushoto anagusisha ncha tu halafu anainua. Hakuna kidonda, nimepapasa kuanzia begani hadi chini sioni kitu. Kusema ukweli tangu mvua zianze amekuwa akitembea kwenye kokoto kama mtu anakanyaga miiba, lakini kwa lami alikuwa sawa nikanyamaza, na hilo linaniuma sana sai. Jirani anasema kwato zimeisha nimtafutie fundi ampige viatu vya chuma. Wa agroveti naye anataka kumdunga sindano ya maumivu kesho arudi kazini. Kwato zake ni ndefu, sijawahi kuzikata, na usiku analala kwa matope.

saisi_mstaafu
Pole sana ndugu yangu. Nimechunga farasi Nairobi miaka mingi na hiyo hadithi naijua, mnyama kalala mzima akaamka hakanyagi mguu mmoja, mara nyingi ni jipu ndani ya kwato. Kwato haitanuki, usaha ukijaa hauna pa kwenda, ni kama ule unaokaa chini ya kucha yako, ile inakunyima usingizi. Shika kwato zote mbili za mbele kwa kiganja uone ipi ina moto zaidi, halafu weka vidole nyuma ya kifundo, pembeni, utafute mshipa. Upande mbovu unadunda kwa nguvu, ule mzima hata kuusikia ni shida.

Osha wayo vizuri uangalie kama kuna msumari au jiwe. Ukikuta msumari umezama katikati USIUNG'OE kwa pupa, funga mguu asiukanyagie uzidi kuingia, na daktari wa mifugo aje aone umeingia wapi na umeelekea wapi, maana huko ndani kuna mfupa na mishipa. Kama hakuna, loweka kwato kwa maji ya uvuguvugu na chumvi dakika ishirini asubuhi na jioni, kisha paka pumba iliyokandwa na maji moto na chumvi, funga kwa nepi ya mtoto, juu yake gunia na gamu tepu. Usichimbe na kisu, hiyo kazi mwachie daktari. Na umuulize sindano ya pepopunda, ugonjwa haukupewa hilo jina bure, punda na farasi unawashika upesi kuliko ng'ombe.

Sindano ya maumivu ili arudi kazini kataa kabisa, akiacha kusikia uchungu atakanyagia palepale palipooza. Na chuma usahau kwa sasa, ukipiga chuma juu ya jipu umelifungia mlango.

mwenye_mkokoteni, Naivasha
Wakuu asanteni, asante sana mzee. Daktari alikuja akasema ni jipu kweli, akamdunga ya pepopunda. Siku ya tatu limepasuka juu pale nywele zinapokutana na kwato, maji meusi yananuka vibaya mno, na jioni hiyo hiyo akakanyaga chini! Mke wangu alilia. Sasa swali, hizi kwato ndefu nizikate na panga? Na nimemwongezea mahindi apate nguvu, ni sawa?

mwana_wa_amu
Salaam aleikum. Sisi Lamu punda ndiye lori letu, mchanga, mawe, simiti, vyote vinapita mgongoni mwake, na kliniki ya punda ipo tangu 1987 wanatibu bure kwa hiyo nimejifunza mengi pale. Panga hapana kaka. Hizo zilizorefuka miaka usizirudishe siku moja, mtafute anayejua akupunguzie kidogo kidogo kwa tupa, kila wiki sita hadi nane, na akae nawe akufundishe. Ila awe anajua punda, kwato ya punda imesimama wima kuliko ya farasi na visigino vyake viko juu, anayeichonga kama ya farasi anamuumiza. Ncha ikirefuka kila hatua inavuta ukuta wa kwato utengane na wayo, matope yanaingia pale na jipu linaanza hapo. Mwinulie pa kulala pakavu, weka changarawe au majani makavu, na uchokonoe kwato kila jioni. Ukiona ule mfereji wa katikati una uchafu mweusi unanuka, ukaushe, daktari atakwambia dawa gani.

Mahindi ACHA. Punda ameumbwa kwa nyasi kavu na mabua, nafaka nyingi inawasha moto ndani ya kwato zote mbili za mbele, utamwona ameegemea nyuma kama anakaa, na huo ugonjwa ni mbaya kuliko jipu. Punguza polepole lakini, punda akikatiwa chakula ghafla mafuta yanamwagika kwenye damu na anaweza kufa. Siku akikataa kula kabisa usingoje kesho.

saisi_mstaafu
Mwenzangu amesema vyema. Niongeze tu, pale lilipopasuka patabaki ufa na utashuka na kwato, inakua kama sentimita moja kwa mwezi, basi utauona miezi mingi. Usiogope. Kazini asirudi mpaka atembee kwenye kokoto bila kuchechemea, na akianza anza na mitungi mitano.

mwenye_mkokoteni, Naivasha
Nimeelewa. Maji nasukuma mwenyewe wiki hii na kijana wangu, mitungi minne minne. Yeye yuko kivulini anakula mabua, nimemwaga changarawe toroli tatu pale analala.