Mwanamke akifika akivuja damu, apokewe na muuguzi au na polisi?

Mtoa mada, Faza

Assalaam alaykum kutoka Faza, kisiwani Pate, ndugu zangu wa Lamu, Malindi na pwani nzima.

Nautoa msimamo wangu mapema, asije mtu akasema nimemzungusha. Mwanamke ambaye mimba inamhatarishia uhai au afya ana haki ya kutibiwa, hata ikiwa tiba yenyewe ni kuitoa. Na yule ambaye mimba imeshatoka, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, atibiwe kwanza, na asikamatwe kwa kosa la kutafuta tiba. Anayepinga aje na hoja, tutasikizana.

Jambo hili lilinifika nyumbani. Miaka kadhaa nyuma, msimu wa kusi, binamu yangu alishikwa na tumbo baada ya isha. Alikuwa hajamaliza shule, na kwamba ana mimba alikuwa akijua yeye peke yake. Kufika saa nne godoro lilikuwa limelowa. Tukamtoa kwa mkokoteni mpaka gatini, boti ikapatikana kwa kuombana. Lakini anayeijua njia ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, anajua kwamba maji yakikupwa boti haipiti, na kuzunguka nje ya Manda kwa kusi ile ni kutafuta kifo. Tukatia nanga, tukangoja maji. Mamake alimfunga leso, ikilowa aitoa afunga nyengine, na ile ya tatu ilikuwa leso yake ya harusi, ambayo hata siku ya Idi haivai. Nahodha alizima tochi, akageuka akatazama baharini, ili mtoto apate sitara yake. Hakuna aliyesema neno. Mama mtu alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe.

Hospitali tuliyofika sitaitaja. Hawakumuuliza anavuja damu tangu lini. Walimuuliza, "Umekunywa nini? Sema kweli kabla hatujaita polisi." Mtoto akanyamaza. Akanyamaza mpaka alipozimia, na hapo ndipo alipotiwa dripu. Alipona, alhamdulillahi. Je, mimba ile ilitoka yenyewe, au aliitoa? Sijamuuliza na sitamuuliza. Daktari aliyemhudumia alfajiri alituambia tiba ni ile ile kwa vyovyote: kusafisha kizazi, kuzuia damu, dawa za kukinga maambukizi. Sasa lile swali la polisi lilikuwa na kazi gani?

Tuje kwenye sheria, kwa sababu wengi huzungumza bila kuisoma. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotunga. Kifungu hicho hicho, sehemu ya nne, kinasema mimba isitolewe isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu ameona panahitajika matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyengine imeruhusu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, ya uzazi ikiwemo, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Upande wa pili ipo Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 158 hadi 160: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa. Muuguzi wa zamu anasimama katikati ya sheria hizi mbili saa nane ya usiku, peke yake.

Wizara ya Afya ilimwandikia mwongozo wa kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama mwaka 2012, ikauondoa Desemba 2013, na miezi miwili baadaye ikakataza hata mafunzo ya kutoa mimba kwa usalama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2019 kwamba kuuondoa kule kulikuwa kinyume cha sheria. Kesi ile ilimhusu msichana aliyenajisiwa, mimba ikatolewa kwa njia isiyo salama, naye akafa mwaka 2018 figo zikiwa zimeshindwa. Mamake alikuwa miongoni mwa walioipeleka kesi mahakamani.

Kesi nyengine ni ya jirani zetu. Mwaka 2019, Ganze, kaunti ya Kilifi, mwanafunzi alipatwa na maumivu na damu akiwa shuleni, akafikishwa kliniki, tabibu akamhudumia. Polisi wakavamia kabla hajamaliza kutibiwa, wakawachukua wote wawili na karatasi za matibabu. Mtoto yule alikaa rumande zaidi ya mwezi kwa kukosa dhamana. Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi, ilifuta mashtaka na kusema huduma hii inalindwa na Katiba, na kwamba kukamata wagonjwa na watabibu ovyo ni kinyume cha sheria. Wengi tulishusha pumzi. Baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, ikasema utoaji mimba si haki ya kimsingi, na ruhusa imebaki kwa zile hali maalumu tu.

Na huku watu wanafanya. Utafiti ulikadiria kwamba mwaka 2012 pekee mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini Kenya, na wanawake karibu 120,000 wakahitaji kutibiwa kwa madhara yaliyofuata. Kifungo cha miaka saba kilikuwapo muda wote huo.

Maalimu, Lamu

Waalaykum salaam mwanangu. Kisa cha binamuyo kimenihuzunisha, na anayemtisha mgonjwa amekosea. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Israa tusiwaue watoto wetu kwa kuogopa umasikini. Sisi huku ni Mashafii. Twajua habari ya mimba kufika siku 120 na kupulizwa roho, na pia twajua kuwa wapo wanazuoni wetu, Imamu Ghazali mmoja wao, walioikataza hata kabla ya siku hizo. Na hilo neno "afya" nalihofia. Leo mwanamke atasema presha, kesho atasema hana raha moyoni, na daktari atatia sahihi. Wafundisheni watoto kujihifadhi. Isitoshe, kampeni hizi twaona zina mkono wa wageni.

Muuguzi, Malindi

Shikamoo Maalimu. Nimefanya kazi wodi ya uzazi zaidi ya miaka kumi, naomba nikueleze "afya" huwa na sura gani pale kitandani. Ni mama aliyevimba uso, kichwa kinampasuka, macho yanaona ukungu, na kifafa cha mimba kiko njiani. Ni mimba iliyotunga kwenye mrija, haiwezi kuzaliwa kamwe, na mrija ukipasuka damu humalizikia tumboni bila hata tone kuonekana nje. Ni chupa iliyopasuka mapema mno na homa imeshaanza. Daktari akitia sahihi hapo, anatia kwa kuwa ameona.

Hofu ndiyo inayotumaliza. Dawa ya misoprostoli tunaitumia kuzuia damu baada ya kujifungua, lakini kwa kuwa inajulikana pia kwa kutoa mimba, wapo wenzangu wanaosita kuiandika kwenye faili. Mgonjwa akija na mimba iliyoharibika, rahisi ni kusema "mpelekeni mbele". Mbele wapi, na kwa usafiri gani? Wapo wanaokuja ambao sababu yao haimo katika sheria, sifichi. Akiwa anavuja damu namtibu. Hukumu yake ina wenyewe.

Mtoa mada, Faza

Maalimu wangu, nakujibu kwa adabu, maana nimesoma chuoni kwako.

Ulilolisema la Imamu Ghazali ni kweli, sina la kupinga. Lakini wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba madhara mawili yakikutana huchukuliwa lililo jepesi, na kwamba mama ndiye shina, kilicho tumboni ni tawi lake. Hata baada ya siku 120, wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema shina likiwa linakufa haliachwi life kwa ajili ya tawi. Basi mama wa kifafa cha mimba, wa mimba ya mrija, na yule wa homa, hawa watatu sidhani kama tuna ugomvi juu yao. Na hao ndio wanaoambiwa "mpelekeni mbele" huku maji yamekupwa.

Kuhusu wageni: vile vifungu vya miaka 14 na 7 navyo tuliletewa na Mwingereza, na maneno yake yana asili katika sheria yao ya mwaka 1861. Havikutoka kwa masheikh zetu. Tunisia ni nchi ya Kiislamu, na tangu 1973 mwanamke huruhusiwa kutoa mimba huko ndani ya miezi mitatu ya mwanzo bila ya kufungwa.

Kujihifadhi, naam. Lakini tuseme yote. Swahaba Jabir amepokea kwamba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje ili mke asishike mimba, huku Qur'ani ikiteremka, na bado mke wa mtu huku visiwani akienda kuchoma sindano ya uzazi wa mpango huenda usiku kama mwizi. Halafu yule aliyenajisiwa, ajihifadhi vipi? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali. Sisi tunafanya nini? Wazee wanakaa barazani, wanaita maslaha, yaani suluhu ya kifamilia bila ya mahakama, pesa zinabadilishana mikono, mwanamume anarudi kuvua. Msichana anabaki na tumbo, na dawati lake shuleni linakaliwa na mwengine. Jirani, shangazi, mwalimu, wote wanajua na wote wanaita kimya kile heshima. Mficha uchi hazai, Maalimu, na sisi tumeuficha huu mpaka watoto wanazikwa.

Ninalotaka laweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Mwongozo uwe mkononi mwa kila muuguzi, ili ajue wapi sheria inamlinda. Polisi wasiingie chumba cha matibabu bila amri ya mahakama, wala faili la mgonjwa lisitolewe. Na kisiwa cha Pate kipate boti ya wagonjwa yenye nahodha wa zamu usiku, kwa sababu hata sheria ikiwa nzuri namna gani, pale Mkanda tulingoja maji.

Maalimu, Lamu

Nimekusoma mara mbili. Habari ya polisi kitandani mwa mgonjwa, niko nawe, na Ijumaa nitaisema. Boti pia, nitaidai mwenyewe kwa mwakilishi wetu wa wadi. Ya mtoto aliyenajisiwa, kabla ya siku 120, sitakujibu leo. Narudi kwenye vitabu kwanza. Nawe mwambie mamake yule binti kwamba namsalimia.