Naomba ushauri: nyumba katikati ya mawe, kando ya Ziwa Victoria

Wakuu, habari zenu. Nina kiwanja Mwanza, kwenye mteremko uliojaa yale mawe makubwa ya huku kwetu. Fundi anataka tuyapasue tupate uwanja tambarare. Mimi nataka nyumba ikae katikati yake, msingi ufuate mteremko, miti ibaki. Gharama itapanda sana?

Mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, zinazotakiwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, nimeziacha wazi, na kwa jinsi ziwa lilivyojaa 2020, sisogei hata hatua moja kuelekea majini. Kinachonitatiza hasa ni maji ya chooni: chini ni mwamba mtupu, shimo halichimbiki, na ziwani sipeleki kamwe. Mliojenga Capri Point na vilima vingine, mlifanyaje?